Sampuli isiyo na mirabaha ina mwenyewe

Gitaa lenyewe lilikuwa sampuli, yaani kipande kilichorekodiwa tayari na mtu mwingine, na lilikuwa na nota tano tu. Limepigwa kwa nyuzi za nailoni, lina mwangwi kidogo, linajirudia kila baada ya baa nne, na ndilo lililomfanya kijana aliyekuja studio usiku ule aseme, "Braza, hiyo hiyo, usiiguse." Sikuigusa. Nikaweka kiki, besi na shekere, akaingia kwenye chumba cha sauti, na kufika saa nane usiku wimbo ulikuwa umesimama. Wiki tatu baadaye akanitumia picha ya skrini: video yake ya YouTube imedaiwa hakimiliki. Mdai ni msanii wa nchi ya mbali tusiyewahi kumsikia, anaimba lugha tusiyoielewa, na dai linahusu kuanzia sekunde ya 12 hadi ya 47. Nikafungua mradi kuangalia hapo kuna nini. Kuna gitaa, halafu kuna sauti yake.

Ujumbe wa pili ukaingia: "Kaka, si uliniambia hii ni ya bure?"

Sikumwambia ni ya bure. Nilimwambia haina mirabaha. Ila siku ile sikujisumbua kumweleza tofauti, kwa sababu ilikuwa usiku na kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naielewa nusunusu.

Mirabaha ni fedha anayolipwa mwenye kazi kila kazi yake inapotumika: wimbo ukipigwa redioni, ukisikilizwa mtandaoni, ukiwekwa kwenye tangazo. Sampuli isiyo na mirabaha, basi, ni sauti ambayo mwenyewe amekubali alipwe mara moja, ama kupitia pakiti ya sauti uliyonunua ama kupitia kifurushi chako cha mwezi, kisha asikudai tena hata wimbo ukisikilizwa mara milioni mia. Hasubiri mgawo, hataki jina lake liingie kwenye orodha ya watunzi. Amesamehe madai ya mbele. Umiliki hajausamehe.

Fikiria kanga. Ukinunua doti Kariakoo, mwenye duka hakufuati harusini kudai sehemu ya sifa unazopewa. Unaweza kuikata, ukashona gauni, na gauni ukaliuza kwa bei unayotaka. Lakini huwezi kumzuia jirani asivae kanga yenye mji uleule na jina lilelile, kwa sababu naye ametoa hela yake. Na huwezi kuupeleka mchoro ule kiwandani ukachapa maelfu na kuyauza kama yako. Karibu ugomvi wote wa sampuli hizi ninaoujua unatokana na mtu kusahau moja kati ya hayo mawili ya mwisho.

Ili kuelewa unachonunua hasa, kumbuka kwamba ndani ya kila sauti iliyorekodiwa zimelala haki mbili. Moja ni ya utunzi, yaani melodi, mpangilio na maneno. Nyingine ni ya rekodi yenyewe, ile ambayo watu wa studio huiita masta. Ukikata kipande cha wimbo wa mtu umezigusa zote mbili, na mara nyingi wenyewe si mtu mmoja: utunzi uko kwa mtunzi au kampuni iliyonunua haki zake, masta iko kwa lebo. Lazima ubishe hodi nyumba mbili, na kila nyumba inaweza kukataa. Pakiti halali ya sampuli inakupa ruhusa ya zote mbili kwa mkupuo. Hicho ndicho unacholipia, kuliko hata uzuri wa sauti.

Niuweke kando uvumi mmoja kabla sijaenda mbele, maana nausikia kila wiki: eti ukichukua chini ya sekunde saba huna kesi. Wengine husema tatu. Hakuna sheria ya namna hiyo, si Tanzania, si Kenya, si Marekani. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya Marekani yenye makao Cincinnati ilikuwa na kesi ya gitaa la sekunde mbili hivi la kundi la Funkadelic, lililoshushwa sauti na kurudiwarudiwa ndani ya wimbo wa N.W.A. Mahakama ikasema: chukua leseni au usichukue kipande. Mwaka 2016 mahakama nyingine ya rufaa ya nchi hiyohiyo, upande wa magharibi, ikaamua kinyume kuhusu mpigo wa tarumbeta wa sekunde 0.23 uliosikika kwenye wimbo wa Madonna, ikaona ni kitu kidogo mno kuwa kosa. Ulaya nako, mwaka 2019, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilitoa uamuzi kwenye mgogoro wa kundi la Kraftwerk, uliohusu sekunde mbili za rekodi ya mwaka 1977: hata kipande kifupi kinahitaji ruhusa, isipokuwa kimebadilishwa hadi sikio halikitambui tena. Mahakama tatu, majibu matatu. Mtu anayetoa wimbo Ijumaa hana muda wa kusubiri la nne, ndiyo maana biashara ya sampuli zenye leseni imekua hivi.

Wala si biashara ya wanaoanza tu. Ngoma inayofungua wimbo wa Rihanna wa mwaka 2007, "Umbrella", ni lupu, yaani kipande cha kujirudia, iliyokuja na GarageBand, programu ya Apple ya kutengenezea muziki, jina lake Vintage Funk Kit 03. Aliyekuwa na kompyuta ya Apple yenye programu hiyo alikuwa nayo. Leseni ya Apple inaruhusu lupu zake zitumike kwenye muziki wako, hata wa kuuza, bila kulipa mirabaha. Inachokataza ni kuzigawa au kuziuza lupu zenyewe zikiwa peke yake. Maana yake, sheria iliyomhusu prodyuza wa wimbo mkubwa kuliko wote wa msimu ule ndiyo inayomhusu kijana wa Buguruni aliyeazima kompyuta ya shemeji yake.

Sharti hilo la "zikiwa peke yake" ndilo moyo wa karibu kila leseni ya aina hii, iwe ya maduka ya mtandaoni kama Splice na Loopmasters au ya prodyuza anayeuza pakiti zake mwenyewe. Unaruhusiwa kuichanganya sauti na vitu vingine ukapata kazi mpya. Huruhusiwi kuitoa kama ilivyo, au ikiwa imepakwa mwangwi kidogo tu, ukaiita wimbo. Huruhusiwi kuipanga upya kwenye pakiti yako ukaiuza. Huruhusiwi kuiuza kama mlio wa simu au sauti ya mchezo wa kompyuta ikiwa imesimama yenyewe. Baadhi ya leseni zinakataza pia kuitumia kwenye muziki wa maktaba, yaani ule unaotengenezwa ili watu wengine waununue waweke kwenye filamu na matangazo yao, kwa sababu huko biti hukaa bila sauti ya mtu juu yake na lupu inabaki uchi.

Mpaka uko wapi kati ya "kazi mpya" na "lupu iliyovikwa kofia"? Leseni nyingi hazitoi kipimo. Kipimo changu ni cha sikio, tena cha kikatili kidogo: nazima kila kitu isipokuwa ile lupu, nasikiliza baa nane, kisha narudisha vingine. Kama bila ile lupu wimbo haupo, na lupu yenyewe sijaikata, sijaigeuza wala kuibadilishia nota, basi nimeshona gauni la kipande kimoja. Kisheria pengine niko salama. Kwa mashine za kutambua muziki siko salama hata kidogo, na nitafika huko.

Kuna mtego mwingine ambao kwa wasanii wanaoanza ni mbaya kuliko huo. Mtu anaandika kwenye kisanduku cha kutafutia "muziki usio na mirabaha", anapata maktaba ya muziki wa kuweka kwenye video, anashusha ala nzuri ya dakika tatu, anaimba juu yake, anatoa wimbo. Maktaba za aina hiyo, ikiwemo ile ya YouTube yenyewe na zile za kulipia kama Epidemic Sound, zinakupa ruhusa ya kuweka muziki chini ya picha zako. Hazikupi ruhusa ya kuugeuza muziki ule kuwa wimbo wako na kuusambaza. Neno ni lilelile, biashara ni nyingine kabisa. Nimeona mtu akifutiwa EP nzima kwa kosa hili, na alikuwa na risiti mkononi akiamini risiti ni ngao.

Halafu linakuja swali la kifurushi kilichoisha. Ukiacha kulipa, zile ulizokwisha kushusha zinakuwaje? Kwa Splice jibu ni rahisi: ulichokipakua ukiwa umelipia kinabaki na leseni yake hata ukifunga akaunti. Kwa maktaba za muziki wa video mara nyingi ni tofauti: video ulizochapisha wakati kifurushi kiko hai zinabaki salama, video mpya hapana. Usidhani sheria ya nyumba hii ndiyo ya nyumba ile.

Sampuli za bure kabisa zina hadithi yao. Nyingi ziko chini ya leseni za Creative Commons, ambazo kila herufi ina kazi. CC0 ina maana mwenyewe ameachia haki zote anazoweza kuachia: chukua, fanya utakalo. BY inataka umtaje. NC inakataza matumizi ya kibiashara, na wimbo ulioko kwenye mtandao unaolipa hata senti moja kwa kila usikilizaji ni biashara, usijidanganye. SA inataka kazi yako nayo itolewe kwa leseni ileile, jambo ambalo lebo yoyote italikimbia. ND inakataza kubadilisha, kwa hiyo kwa mtu wa sampuli ni mlango uliofungwa. Freesound, hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 2005 katika chuo kikuu cha Pompeu Fabra huko Barcelona, ina CC0, BY na NC zikiwa zimechanganyika kwenye ukurasa mmoja wa matokeo. Mvua ya CC0 imekaa karibu na mvua ya NC, na zote zinanyesha vilevile. Tofauti iko kwenye alama ndogo pembeni. Kwenye tovuti ya Looperman nako, lupu zinazowekwa na wanachama zinaruhusiwa kutumika hata kibiashara, lakini akapela, yaani sauti ya mwimbaji bila ala, ni jambo jingine: kabla hujauza lazima uongee na aliyeimba. Watu hushusha vyote viwili kwa kubonyeza kitufe kilekile, wakaishia kuamini sheria ni moja.

Namna herufi hizo zinavyoweza kuuma inaonekana vizuri kwenye wimbo wa Lil Nas X, "Old Town Road". Mwaka 2008 kundi la Nine Inch Nails lilitoa albamu ya ala tupu, Ghosts I–IV, kwa leseni ya Creative Commons yenye BY, NC na SA pamoja. Miaka kumi baadaye prodyuza kijana wa Uholanzi, YoungKio, akachukua banjo kutoka kipande kimoja cha albamu ile, akatengeneza biti, akaiweka BeatStars, soko la biti mtandaoni. Lil Nas X akaikodi kwa dola 30. Ukiangalia mnyororo huo hakuna aliyeiba kwa nia ya kuiba: albamu inaruhusu kuchezewa, biti imelipiwa. Ila NC ilikuwa palepale, na wimbo ulipoanza kupanda ilibidi mawakili wakutane. Ulikaa namba moja Marekani wiki 19 mwaka 2019, na Trent Reznor na Atticus Ross wa Nine Inch Nails wakaandikwa kama watunzi na maprodyuza wa wimbo ambao hawakukaa studio kuutengeneza. Waliamua kuwa waungwana. Wangeweza kuusimamisha.

Angalia pia kile cha dola 30. Biti ya kukodi si sampuli isiyo na mirabaha, ingawa mtandaoni vinauzwa jirani. Mkataba wa kukodi kwa kawaida una ukomo wa idadi ya usikilizaji au nakala, na mara nyingi prodyuza anabaki na sehemu yake ya utunzi, nusu ikiwa ni jambo la kawaida. Na hata ukilipa bei ya "kipekee", prodyuza hawezi kukuuzia upekee asiokuwa nao. Kama melodi ya biti ile ni lupu ya pakiti, anachokuuzia peke yako ni mpangilio wake. Lupu iko sokoni bado, na kesho utaisikia kwa mwingine. Mwaka 2020 Asher Monroe alilalamika hadharani kwamba wimbo mpya wa Justin Bieber una melodi yake. Kumbe wote wawili walikuwa wamechukua sampuli ileile ya Splice, na aliyeitengeneza, Laxcity, ndiye aliyejitokeza kueleza kwamba kila mmoja ameitumia kihalali. Hakukuwa na mwizi. Kulikuwa na kanga moja harusini, wanawake wawili.

Sasa turudi kwenye gitaa langu. Content ID, mfumo wa YouTube wa kutambua muziki, unafanya kazi kama mtaalamu wa alama za vidole. Mwenye wimbo, kwa kawaida kupitia msambazaji wake, yaani kampuni inayompelekea nyimbo mitandaoni, anaweka faili la rejea. Mfumo unalichora alama, kisha kila video inayopandishwa inalinganishwa na alama zote zilizomo. Ikifanana, dai linatoka lenyewe bila binadamu kubonyeza chochote, na matangazo ya video yako yanaanza kumlipa mwingine. Sheria ya YouTube iko wazi: faili la rejea liwe na vitu ambavyo una haki navyo peke yako. Wimbo uliojengwa juu ya lupu na sampuli zenye leseni isiyo ya kipekee haufai kuingizwa. Wasambazaji huuliza swali hilo kwenye fomu. Lakini unajua watu na fomu: vema, vema, vema, tuma.

Yule msanii wa mbali aliweka vema. Wimbo wake ulianza na gitaa lilelile likiwa peke yake kwa sekunde kumi na kitu, na kuanzia siku ile kila aliyelitumia duniani akawa, kwa macho ya mashine, amemwibia. Haijalishi nani alitangulia. Mashine haina habari ya pakiti, inajua alama tu.

Kilichoniuma ni kwamba tungeweza kuwa sisi. Kijana wangu alipokuwa anajaza fomu ya msambazaji aliniuliza kama awashe "ulinzi wa YouTube", yaani wimbo uingizwe Content ID, nami nikamwambia hakuna shida. Alisahau kulipia nyongeza yake, basi. Ndicho kilichotuokoa tusiwe sisi tunaodai watu wa nchi za mbali.

Kupinga dai si kazi ngumu ukiwa na karatasi. Unachagua sababu ya leseni, unaeleza kwa ufupi kwamba kipande kinachodaiwa ni sampuli isiyo ya kipekee, unataja jina la pakiti, jina la faili na tarehe uliyoshusha. Mdai ana siku 30 za kujibu, asipojibu dai linaanguka. Ukipinga ndani ya siku tano tangu dai kuwekwa, fedha za tangu siku ya kwanza zinashikiliwa hadi ijulikane ni za nani. Ukichelewa, unaokoa za kuanzia siku uliyopinga tu. Usiandike matusi wala hadithi ya maisha yako. Anayesoma ni mtu wa kampuni ya usambazaji mwenye foleni ya madai mia, anatafuta neno moja la kumfanya aachie.

Tatizo langu lilikuwa karatasi. Kompyuta yangu ya zamani ilikufa, faili lilikuwa limebadilishwa jina kuwa "gtr kali final", na sikumbuki akaunti ilikuwa ya nani kati yetu watatu tuliokuwa tunachangia kifurushi kimoja. Hapo ndipo nilipoanza kusoma leseni kwa umakini, nikagundua kwamba kuchangia kwenyewe kulikuwa kosa. Leseni anapewa aliyeshusha, mtu mmoja. Anaweza kutengeneza biti akampa au akamuuzia msanii, na msanii akaitoa bila wasiwasi, lakini faili lenyewe tupu kulituma kwa rafiki ni kugawa kanga ya dukani. Na zile pakiti za magigabaiti zinazozunguka Telegram kwa jina la "full collection"? Neno "isiyo na mirabaha" limeandikwa kwenye folda, ndiyo, lakini leseni haisafiri na faili la wizi. Ukiulizwa risiti huna, na kwa sheria uko sawa na aliyekata kipande kwenye santuri ya mtu.

Wengine hujipa moyo kwamba mwenye sampuli yuko Berlin au Los Angeles, hatujui tulipo. Tanzania na Kenya zote ni wanachama wa Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu miaka ya 1990, kwa hiyo kazi ya Mjerumani inalindwa Dar es Salaam kama yako inavyolindwa Berlin, bila yeye kuja kujiandikisha popote. Bara tuna sheria ya hakimiliki na hakishiriki ya mwaka 1999 na ofisi ya hakimiliki, COSOTA; Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA; Kenya wana sheria ya mwaka 2001 na yao, KECOBO. Kusajili wimbo kunakupa ushahidi, hakukupi umiliki wa kile usichokitengeneza. Marekani wanaliweka wazi kwenye fomu yao ya usajili: sampuli uliyoichukua kwa leseni unaitenga, unadai kile kipya ulichoongeza.

Na kwa kuwa tumefika nyumbani, nisiache kusema kuhusu singeli. Muziki ule umelelewa na vipande vya taarab vilivyokimbizwa kasi maradufu, kwenye kompyuta za Manzese na Tandale, na ni kati ya vitu vya ajabu zaidi vilivyotoka mji huu. Lakini taarab ile ina mpiga fidla, ina mtunzi, ina kikundi. Kuwa ya zamani si kuwa ya bure: hapa kwetu na Kenya hakimiliki ya utunzi inaendelea miaka 50 baada ya mtunzi kufa, na wengi wao wangali hai au wamekufa juzi tu. Kinanda cha pakiti kutoka Uingereza unacho kihalali kwa hela ya chipsi yai. Kinanda cha bibi wa Tanga hakuna duka la kukinunulia leseni, inabidi umtafute bibi. Ningependa kuona mtu wa hapa akitengeneza pakiti halali ya ala kama kanuni, udi na marimba, wapigaji wamelipwa, mikataba imeandikwa. Wanunuzi wapo, nawajua kwa majina.

Dai letu lilianguka siku ya kumi na moja. Mmoja wa wale tuliokuwa tunachangia alilikuta faili kwenye historia ya akaunti yake, likiwa na tarehe na jina la pakiti, nikaambatanisha maelezo. Kijana akarudi kuniuliza kama sasa anaweza kuwasha ulinzi, maana wimbo umeanza kuchangamka na watu wanaubandika kwenye video zao. Nikamwambia kwa gitaa lile, hapana. Akakaa kimya, kisha akasema basi tulipige upya.

Tukamwita jamaa mmoja wa bendi ya hoteli, akaja na gitaa lake la nyuzi za nailoni, moja imefungwa fundo. Nikamkataza asisikilize lupu, nikampa akodi za wimbo tu, apige anachojisikia. Alipiga nota saba, si tano, na akachelewa kidogo kwenye ya nne, pale ambapo lupu ilikuwa imenyooka kama rula. Kijana hakuipenda siku ya kwanza. Kabla jamaa hajafunga begi nikamwekea mezani karatasi ya nusu ukurasa: jina lake, tarehe, jina la wimbo, kiasi alicholipwa, na sentensi inayosema rekodi hii ya gitaa inaweza kutumika kwenye wimbo huu bila malipo mengine. Akaisoma mara mbili, akauliza "bila malipo mengine" ina maana gani hasa, ukiuzwa tangazo je? Tukakata mstari huo kwa kalamu, tukaandika upya kwamba wimbo ukiuzwa kwenye tangazo atapata asilimia yake, tukaitaja, wote watatu tukasaini.

Karatasi ile iko kwenye faili la kijani, juu ya rafu, pamoja na risiti za umeme.